Kuti Lililokauka Upande Mmoja

Rissani, 19 Januari 1988

Kaka yangu Bassou,

Salamu zikufikie huko Azrou kwenye theluji, wewe na wifi yangu Ijja. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chake. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Juzi tulikuwa kwenye harusi Erfoud, tukala mpaka tukawa hatutamaniki. Mama akauliza mbona Bassou hakuja. Nikamwambia shule hazijafungwa. Akasema, “Hizo shule za Azrou hazijafungwa tangu mwaka juzi?” Sikumjibu, na wewe sikuulizi.

Sasa jambo lenyewe. Mtende wa marehemu Baba, ule mkubwa wa tende za mejhuli ulio karibu na ukuta wa jirani Si Larbi, una kuti la katikati lililogeuka rangi ya majivu. Si kuti zima. Vijani vya upande mmoja wa uti vimekauka na vya upande wa pili ni vibichi kabisa, kama mtu aliyenyolewa nusu ya ndevu akakimbia. Wiki hii nimeona la pili. Unajua watu wa hapa wakiona hivyo wanasema nini. Mimi neno lenyewe sijalitamka ndani ya nyumba hii, lakini Si Larbi, kwa kuwa ndiye mkuu wa zamu za maji, amelitamka msikitini: bayudi.

Wewe unafundisha watoto habari za mimea. Niambie mti unavyoishi ndani yake, na unavyougua. Niambie kwa maneno ya mtu aliyeishia darasa la tano.

Dada yako,
Hadda


Azrou, 11 Februari 1988

Dada yangu Hadda,

Barua yako imechelewa kwa kuwa barabara ya mlimani ilifungwa na theluji. Hongera kwa mapacha wa mbuzi. Mwambie Mama apake mafuta ya zeituni ya moto magotini, na ulimini asipake kitu. Sisi tuko salama. Ijja anakusalimu. Siku hizi anachoka haraka, ni baridi tu.

Nitaanza kama ninavyoanza na watoto wa mwaka wa kwanza. Mmea una viungo, na kila kiungo kina kazi yake. Mzizi unashika ardhi na kunywa maji. Shina linabeba na kusafirisha. Jani ndilo jiko: linachukua mwanga wa jua, hewa na maji, linapika sukari. Ua kazi yake ni uzazi. Na ujue kwamba kuti zima, tangu pale linapokumbatia shina mpaka nchani, ni jani moja. Hivyo unavyoviita vijani ni vipande vya jani hilo moja.

Ndani mna njia za aina mbili. Moja inapandisha maji kutoka mizizini, inaitwa zailemu. Nyingine inashusha sukari kutoka majanini, inaitwa floemu. Huku kwetu kuna mierezi. Ukiukata mwerezi unaona duara ndani ya duara, na chini ya gome kuna utando mwembamba ulio hai, kambiamu, unaonenepesha mti na kufunika majeraha. Mtende hauna kambiamu. Njia zake zimetawanyika ndani ya shina kama mabua ndani ya tofali la udongo, kila bua na zailemu yake na floemu yake. Kwa hiyo mtende ukijeruhiwa jeraha halifungi. Tena una chipukizi moja tu la kukulia, lile lililo kileleni. Likifa, mti umekwisha.

Bayudi ni kuvu wa ardhini. Anaingia kwa mzizi, anapanda na zailemu, anaiziba. Njia zinageuka rangi ya chai. Kwa hiyo usiliamini jani peke yake. Mwambie yule mkwea mitende wenu, Mbark, akate kuti moja karibu na shina, mtazame nyuzi za ndani. Zikiwa na rangi ya chai, Mungu atusaidie. Zikiwa nyeupe, kuna sababu nyingine. Mundu huo auchome motoni kabla ya kugusa mtende wa pili.

Kuhusu kuja huko, nitaangalia.

Kaka yako,
Bassou


Rissani, 28 Februari 1988

Kaka Bassou,

Tumepata barua na tumeisoma kwa sauti, mimi nikisoma na Mama akinikatiza. Nilipofika kwenye zailemu akasema, “Hiyo si dawa ya kikohozi?” Nilipomwambia kuti zima ni jani moja, akasema basi maisha yake yote amekuwa akifagia ua kwa jani moja, na ndiyo maana ua haukutakata. Wifi mwambie pole na baridi. Anywe maziwa ya moto na tende. Nimempa dereva wa basi mifuko miwili, ule wa chini ni wake, wewe usiufungue.

Kukata kuti ndiko kulikonishinda. Nilimwita Mbark, akaja na kamba yake, akafika chini ya mti akasimama. Akasema, “Dada Hadda, Si Larbi amenikataza. Amesema mtu akiupanda huo, asipande mtende wa mtu mwingine msimu huu. Na msimu wa kuchavusha ndio huu, mimi nitakula nini?” Nikamwambia mundu utauchoma motoni. Akasema, “Na miguu yangu niichome pia?” Sikumlaumu.

Kwa hiyo nimefunga kisu kwenye ufito mrefu, nikapanda juu ya paa la banda la mbuzi. Nimepata kipande cha ncha tu cha kuti lililokauka. Kimo ndani ya mfuko wa juu, kimefungwa kwa gazeti. Hapo ukutani makuti yaliyokauka yameshakuwa manne, yote ya upande wa Si Larbi.

Wanawake kisimani wameanza kuniacha nichote maji wa mwisho, kana kwamba ndoo yangu nayo inaugua. Si kitu.

Hadda


Azrou, 20 Machi 1988

Dada yangu,

Mifuko imefika yote. Ule wa chini sikuufungua, lakini niliombwa nionje. Ijja anakushukuru sana. Amezimaliza tende zote kwa siku chache na hajampa mtu. Tuko salama, hewa inaanza kupata joto.

Kipande chako nimekitazama kwa hadubini ya shule, lakini ncha ya jani haitoshi kutoa hukumu. Nimekipeleka kwa mtu niliyesoma naye, anafanya kazi kwenye maabara ya mimea huko Rabat. Ataotesha kilichomo, kama kimo. Inachukua muda. Msikate kitu kabla sijawaandikia.

Kwa kuwa sasa mnachavusha, nikueleze ua. Mitende iko ya kiume na ya kike, hilo mnalijua kuliko mimi. Ndani ya karara la dume kuna maua yenye stameni, vijiti vidogo vinavyotoa unga, na unga huo ndio chavua. Mbark anapofunga kishada cha dume katikati ya upunga wa jike, anaipeleka chavua ifike kwenye stigma, mdomo wa ua la kike. Kila ua la kike la mtende lina ovari tatu, Hadda. Tatu. Zote zinapokea, zote zinaanza. Kisha mbili zinanyauka na kudondoka, nazo si kwamba zilikuwa mbovu, wala mti haukukosa kitu. Ndivyo ilivyo tu. Ya tatu inabaki, inanenepa, inakuwa tende. Na ndani ya tende mna kokwa, na mgongoni mwa kokwa, upande wa pili wa mfuo, kuna kidoa kidogo kama tundu la sindano. Chini ya kidoa hicho kiinitete kimelala. Kina mzizi wake na jani lake, vyote tayari, vidogo sana. Hakitaki kusukumwa. Kinataka unyevu, joto na muda.

Nimeandika kirefu. Mniombee.

Bassou


Rissani, 14 Aprili 1988

Kaka Bassou,

Ramadhani ni wiki ijayo, Mungu atufikishe. Mama ameshanunua dengu na nyanya za supu ya harira kama mtu anayelisha kijiji. Mapacha wa mbuzi wanaruka ukuta.

Nimesoma barua yako ya ua peke yangu. Mara hii sikumsomea Mama, nimemwambia tu kwamba u mzima, unasalimu, na Ijja amezimaliza tende peke yake. Mimi niliuliza habari za kuti, wewe umenijibu kurasa mbili za kiinitete. Na mwisho umeandika mniombee, wewe usiyependa hata kuitikia mtu anapopiga chafya. Sitauliza. Kila siku baada ya alfajiri ninaomba, na ninajua ninachoomba.

Mti: Si Larbi amekuja mlangoni mwenyewe na wazee wawili. Alikuwa na adabu, sitamsingizia. Alisema, “Binti yangu, mimi nilikuwa mtoto bayudi ilipopita hapa. Nilimwona babangu akikaa chini katikati ya visiki akishindwa kuinuka. Sitaki kuliona tena.” Wameamua kwamba Idi ikipita, mtende wa Baba utakatwa na kuchomwa, na mabinti zake, miche iliyotokana nao na kupandwa kando yake, safu yote mpaka kwenye mfereji. Nikamwambia kaka yangu amepeleka kipande Rabat. Akasema Rabat ni mbali na maji ya mfereji yanapita kila siku.

Bassou, ile safu ndiyo nyumba hii. Ukipata jibu, mpe dereva wa basi, posta isikucheleweshe.

Hadda


Rissani, 22 Mei 1988

Kaka yangu,

Idi imepita na wewe hukuandika. Nilimpokea dereva wa basi kila Alhamisi mpaka watu wakaanza kunitania kwamba tutaoana. Mama haulizi tena. Mtu kama Mama asipouliza ndipo pa kuogopa.

Nakuandikia hivyo hivyo, maana lililotokea lazima nimwambie mtu.

Walikuja siku ya nne baada ya Idi, asubuhi, na mashoka na msumeno na mafuta ya taa. Nusu ya kijiji ilikuwa nyuma yao. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya mti tangu alfajiri, na Mama kandoni mwangu kwenye mkeka, ametia wanja kabisa kama anakwenda harusini. Si Larbi akasema, “Hadda, inuka mwanangu.” Nikamwambia, “Nitainuka. Nawaomba jambo moja. Kabla ya kukata shina, kateni kuti moja tulione ndani. Bayudi inapanda na njia za maji, na ikipita inaacha rangi ya chai. Ikiwa rangi hiyo ipo, mimi ndiye nitakayewasha kiberiti.”

Mmoja nyuma akasema, “Ameyasoma hayo wapi?” Mama akamjibu bila kugeuka, “Amesoma kwenye jani moja.” Watu wakacheka, na ule uzito ukapungua kidogo. Si Larbi akamwambia Mbark, “Panda.”

Mbark akapanda. Alipofika kwenye kilele tukamsikia akitukana kwa sauti ya chini. Halafu akaita, “Nani kafunga waya huku juu?”

Akaita tena, “Kuna waya wa chuma umezungushwa kwenye makuti ya upande huu, upepo unautingisha, umekata mpaka ndani. Unaelekea kwenye paa la Si Larbi.”

Si Larbi akatazama paa lake, akaitazama ile nguzo ya antena ya televisheni aliyoletewa vuli na mwanawe wa Ufaransa, akaufuata waya kwa macho polepole mpaka kwenye mtende wa Baba. Kumbe fundi aliyekuja kuifunga alitafuta kitu kirefu cha kuushikilia mlingoti usiangushwe na upepo, akakipata.

Mbark akakata kuti, likaanguka. Nikaliinua mimi mwenyewe. Pale waya ulipouma palikuwa na kovu kavu upande mmoja, na nyuzi zote zilizopita pale zilikuwa zimekufa, kwa hiyo vijani vyote vilivyokuwa vikinyweshwa na nyuzi hizo vimekauka. Nyuzi za upande wa pili zilikuwa nzima na maji yalitoka. Chini ya kovu, kuelekea shinani, nyuzi zote zilikuwa nyeupe. Nyeupe kama uzi wa kushonea sanda. Nikawapitishia wazee mmoja mmoja. Walikata la pili na la tatu, hivyo hivyo.

Si Larbi alilishika kuti muda mrefu kuliko wote. Mwishowe akasema, “Na hiyo televisheni yenyewe haionyeshi kitu.” Kisha akakaa mkekani karibu na Mama, palepale, kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Mama akamsogezea birika. Sikutaka kumcheka. Furaha ndiyo iliyomkalisha, maana na yeye safu yake iko ng'ambo ya mfereji uleule.

Yale makuti yaliyoumizwa hayatapona, umenifundisha. Yatadondoka kwa wakati wake. Lakini chipukizi la kileleni ni zima, na Mbark akiwa bado juu aliuchavusha mti kwa kile alichobakiwa nacho. Alisema amechelewa sana na tusitegemee.

Sasa wewe. Niandikie hata mstari mmoja.

Hadda


Azrou, 2 Juni 1988

Hadda,

Nilikaa chini na barua yako kwenye ngazi za hospitali nikacheka peke yangu, muuguzi akatoka kunitazama.

Jibu la Rabat lilikuja tangu mwisho wa Aprili: hakuna bayudi. Lilikuwa mezani nyumbani, na mimi sikuwa nyumbani. Nisamehe. Ungeweza kupoteza safu yote kwa barua iliyolala juu ya meza. Nilikuwa Meknes hospitalini, wiki hii ndiyo tumehamishiwa hapa Azrou. Ijja alianza kutokwa na damu siku ya kwanza ya Ramadhani. Yuko mwezi wa sita sasa. Daktari amemwambia alale, asiinuke hata kwa chai, na amelala hivyo mpaka leo. Damu imekoma. Mtoto anacheza.

Hatukumwambia mtu yeyote. Mimba mbili za kwanza, zile zilizotoka, tuliwaambia watu wote, na ulisikia yaliyosemwa. Mama alisema nioe mke wa pili, akalisema Ijja akiwa jikoni, mlango wazi. Ndiyo maana shule za Azrou hazifungwi. Usimwambie Mama.

Bassou


Rissani, 19 Juni 1988

Kaka yangu,

Mama alijua. Unadhani mtu aliyezaa saba hajui maana ya mke kumaliza mfuko wa tende bila kumpa mtu? Ile barua ya ua nisiyomsomea aliisoma kutoka usoni mwangu. Tangu Machi alikuwa akijua, na ndiyo sababu aliacha kuuliza.

Nilimsomea barua yako, hata ule mstari wa jikoni. Nilifikiri nisiusome, kisha nikaona huu si wakati wa kumkinga. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia niusome tena ule mstari, nikausoma. Akasema, “Mlango ulikuwa wazi?” Nikasema ndivyo alivyoandika. Akaenda kulala kabla ya magharibi. Kesho yake akaanza kusokota sufu. Anasokota mpaka leo, ya kondoo mweupe, ile aliyokuwa anaiweka kwa sanda yake ya juu.

Joto huku halisemeki. Mtende wa Baba umeshika vishada viwili. Si vingi, lakini umeshika.

Mama anataka kuja mtoto akizaliwa. Hataki niseme kwamba anaomba, kwa hiyo nasema anataka. Muulize Ijja. Akikataa, mwambie hakuna atakayekasirika. Nitamwambia Mama magoti yake hayaiwezi milima, na atajifanya ameamini.

Hadda


Azrou, 17 Septemba 1988

Dada yangu Hadda, na Mama anayesikiliza,

Tumejaliwa binti. Amezaliwa alfajiri ya Jumanne, mzima, mwekundu, mwenye sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Ijja ni mzima. Nilipoambiwa nilikwenda uani mwa hospitali nikaushika mti wa kwanza niliouona, na kwa mara ya kwanza maishani sikujiuliza ni wa jamii gani. Tumemwita Tuda, yaani “ametosha”, maana ametutosha.

Kuhusu uliloniomba nimuulize Ijja, nilimuuliza wakati ule, akasema atajibu mwenyewe akiweza kukaa. Leo amekaa, ameomba kalamu. Mimi sijasoma alichoandika. Amekunja karatasi.

Bassou


Wifi Hadda, mwambie Mama hivi. Mtoto analala mchana na usiku anataka kubebwa. Mikono yangu haina nguvu, na Bassou humbeba kama chupa ya maabara. Njooni wote wawili. Huku baridi imeshaanza, mvae soksi. Mama nitamweka chumba cha jikoni, ndicho chenye joto. Ijja.